"Upandikizaji" na "Seli Uaji": Uhakiki wa Istilahi Mbili za Uzazi

Wafasiri wa maandishi ya afya ya uzazi hukutana na istilahi mbili ambazo, kwa maoni yetu, hazina budi kuchunguzwa upya kabla hazijaota mizizi. Zote zahusu wanawake ambao viinitete vyao havishiki katika mji wa mimba, hata baada ya kutibiwa mara kadhaa.

Ya kwanza ni "upandikizaji". Neno hili limekwisha kubebeshwa mizigo mitatu. Hutumika kwa figo itolewayo kwa mtu na kutiwa kwa mwingine. Hutumika magazetini kwa tiba nzima ya kutungishia mayai nje ya mwili. Tena hutumika kwa kiinitete kujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba, yapata siku sita hadi kumi baada ya yai kutungishwa. Kitenzi "pandikiza" chadai mtendaji, kama mkulima wa Magu apandikizaye miche ya mpunga katika majaruba. Daktari hukiweka kiinitete ndani tu. Kushika au kutoshika ni jambo la baadaye. Mama wa Igoma akiandikiwa kwamba "upandikizaji umeshindwa mara tatu", atadhani mkono wa daktari umekosea. Tunapendekeza "uhamishaji wa kiinitete" kwa kazi ya daktari, na "ushikaji" kwa tendo la kiinitete chenyewe. Hali yenyewe iitwe "kutoshika kwa kiinitete kwa kurudiarudia", ili isichanganywe na kuharibika kwa mimba iliyokwisha kushika.

Ya pili ina madhara zaidi. Mwaka 1975 wataalamu wa Stockholm, wakiwemo Rolf Kiessling na Eva Klein, walizipa jina seli za damu zilizoua seli za saratani pasipo kufunzwa kwanza. Baadaye seli za jamaa hiyo zilionekana katika mji wa mimba, nazo zikarithi jina. Mfasiri afuataye neno kwa neno hupata "seli uaji".

Je, seli hizo huua nini humo? Kwa kweli, ni dhaifu katika kuua. Mimba ikiwa changa, huwa yapata asilimia 70 ya seli zote za kinga zilizomo katika utando wa mji wa mimba, na husaidia kupanua mishipa ya damu ilishayo kondo. Upande wa pili wa Ziwa Viktoria, Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, Ashley Moffett wa Cambridge na wenzao walionyesha mwaka 2015 kwamba kundi fulani la jeni ziongozazo seli hizo, lipatikanalo kwa Waafrika na si kwa Wazungu, huwakinga wajawazito na maradhi yatanguliayo kifafa cha mimba. Muuaji gani huyo amlindaye mama?

Kama seli hizo huchangia kiinitete kutoshika, wataalamu hawajaafikiana. Kuzihesabu katika damu ya mkono hakuonyeshi hali ya zile za mji wa mimba. Mamlaka ya Uingereza isimamiayo tiba hizo imeonya kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuzipima au kuzituliza kwa dawa huongeza nafasi ya kupata mtoto. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba tumboni mwake mna wauaji hatangoja ushahidi. Atauza ng'ombe anunue dawa ya kuwanyamazisha. Na jirani zake, ambao tayari wana maneno "tasa" na "mgumba", watapata la tatu.

Yawezekana kupinga kwamba istilahi yapaswa kufuata asili yake. Hoja hiyo ina uzito kwa wanasayansi, nao waweza kuandika "seli NK za mji wa mimba", kama tuandikavyo DNA. Lakini katika vijitabu vya zahanati, vitabu vya shule na barua za serikali, "seli kinga za mji wa mimba" yatosha. Ni istilahi pana, hilo twakiri. Lakini haimshitaki mtu.