"Funga" au "Komea"? Maoni juu ya Tafsiri ya Maelekezo ya Kubandua Ukoko wa Zege

Karatasi ninayoichambua hapa ina kurasa mbili tu. Ilifasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya madereva na vibarua wa magari ya kuchanganyia zege, nayo inaeleza namna ya kuondoa zege lililogandamana na kuta za chombo kile kikubwa kinachozunguka mgongoni mwa gari. Jina la kampuni iliyoitoa halina haja ya kutajwa, maana makosa yaliyomo hayakuanza kwake wala hayataishia kwake. Isitoshe, kabla haijachapwa, rafiki yangu mmoja aliniomba niipitie. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli, nikaongeza vituo, nikairudisha nikiwa nimeridhika. Baadaye nilipoiona Same, imebandikwa ukutani mwa banda la gereji, ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeisoma kwa jicho la mwalimu wa sarufi, si kwa jicho la mtu anayekwenda kuingia ndani ya chombo hicho na nyundo mkononi.

Same ni mji wa tambarare, chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Huko bondeni ni pakavu na jua ni kali, ilhali juu, kuelekea Chome na kilele cha Shengena, kuna msitu na ukungu. Katika miaka ya karibuni ujenzi wa serikali umeongezeka katika eneo hilo: mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025, na kuna kazi ya barabara ya lami ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi. Kazi za namna hii haziwezekani bila zege, na katika joto la bondeni zege halimsubiri mtu. Kwa desturi ya wajenzi, zege lililochanganywa na maji hutakiwa kumwagwa kabla ya dakika 90 kupita, na jua likiwa kali muda huo hupungua. Gari likikwama njiani, au dereva akichelewa kusuuza baada ya kumwaga, sehemu ya mzigo husalia ndani. Kesho tabaka jingine huongezeka. Kwa kuwa meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, nusu meta tu iliyoganda humfanya dereva atembee na zaidi ya tani moja ya mawe asiyoyauza wala asiyoyaona.

Kosa la kwanza la karatasi ni kitenzi "kukauka". Mara nne imeandikwa kwamba zege "likikauka" litaondolewa kwa namna hii au ile. Wengi wetu husema hivyo, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Lakini zege haligeuki jiwe kwa sababu maji yametoka. Hugeuka jiwe kwa sababu maji yameungana na saruji na kufanya kitu kipya. Zege huwa gumu hata likiwa limezamishwa majini, na ndiyo maana mafundi hulimwagilia siku nyingi baada ya kulimwaga. Anayeamini kwamba zege limekauka tu atadhani kwamba akilitia maji tena litalainika. Nilielezwa kuhusu kibarua mmoja aliyelijaza gari maji usiku kucha kwa matumaini hayo. Asubuhi akakuta ukoko wake uko pale pale, tena umekomaa zaidi.

Mafundi wana maneno mawili yaliyo bora kuliko letu. Husema zege "limeshika", yaani limeacha kutiririka ingawa bado laweza kuchimbwa kwa koleo. Na baadaye husema "limekomaa", yaani limepata nguvu zake. Hizo ni dhana mbili, na wahandisi huzitenga kwa uangalifu mkubwa. Inafaa wenyeji wa Same wakumbushwe kwamba tofauti hiyo imefukiwa katika ardhi yao wenyewe. Jasi inayochimbwa Makanya, katika wilaya hiyo hiyo, ni madini yanayosagwa pamoja na klinka viwandani ili kuchelewesha saruji isishike mara tu inapoguswa na maji. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 5. Sukari nayo huchelewesha kushika, na madereva wengi wanaijua hila hiyo: gari likiharibika njiani na mzigo ungali ndani, hutiwa sukari. Lakini sukari haina kazi kwa zege lililokwisha kukomaa. Karatasi yetu, kwa kuwa ina kitenzi kimoja tu, haikuweza kulisema jambo hilo.

Sasa nafika kwenye sentensi iliyonifanya niandike makala haya. Katika hatua ya pili imeandikwa: "Funga mashine kabla ya kuingia." Mfasiri alikusudia kwamba injini izimwe, ufunguo utolewe, na kizuizi kitiwe kufuli ili mtu mwingine asiweze kuliwasha gari wakati mwenzake yumo ndani. Hii ndiyo hatua inayotenganisha uhai na kifo. Chombo hicho kikianza kuzunguka na mtu yumo, hana pa kukimbilia. Nilimwuliza dereva mmoja wa makamo, mtu wa milimani ambaye ameendesha magari makubwa tangu ujana wake, ameielewaje sentensi hiyo. Akaisoma polepole, akanitazama, akasema: "Mwanangu, mimi nikiambiwa nifunge mashine, naleta spana."

Alikuwa na haki kabisa. Katika gereji zetu zote "kufungua" injini ni kuitoa vipande vipande, na "kuifunga" ni kuiunganisha tena tayari kwa kazi. Kitenzi tulichomwandikia kina maana iliyo karibu kinyume cha ile tuliyoikusudia. Kijana wake wa kazi, aliyesoma hadi kidato cha nne, alikuwa na tafsiri yake: yeye alielewa kwamba afunge milango ya gari. Nilipomwambia maana iliyokusudiwa, mzee akauliza kwa nini hatukuandika tu "zima". Nikamjibu kwamba kuzima hakutoshi, maana kilichozimwa chaweza kuwashwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapo ndipo kuna neno linalotafutwa.

Napendekeza neno hilo liwe "kukomea". Sote tunalijua komeo la mlango. Kukomea ni kuzuia kwa kitu kinachopitishwa ili mtu wa nje asiingie hata akisukuma, na anayekomea huwa yumo ndani naye ndiye mwenye kukomoa. Sura hiyo inalingana na dhana kwa karibu sana: anayeingia ndani ya chombo ndiye anayeweka kufuli, ufunguo hukaa mfukoni mwake yeye na si kwa msimamizi, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukomoa. Kitenzi hicho hakina kazi nyingine katika gereji, kwa hiyo hakitagongana na spana ya mtu. Amri ingesomeka hivi: "Zima injini. Komea. Jaribu kuwasha uone kama imekomeka." Wako watakaosema kwamba neno hilo ni la nyumbani mno kwa jambo la kiufundi. Nawakumbusha kwamba "kitivo", neno ambalo vyuo vikuu vyetu hulitumia kwa heshima zote, linahusishwa na Kipare na Kisambaa, na asili yake ni ardhi yenye rutuba.

Majina ya sehemu za chombo nayo yana matatizo, ingawa si ya kuua. Chombo chenyewe kimeitwa "ngoma", kwa kufuata neno la Kiingereza moja kwa moja. Ngoma yetu ina ngozi na huchezwa. Mafundi wa breki husema "dramu", wengine husema "pipa". Mimi nachagua "pipa", maana angalau pipa hutiwa kitu ndani. Lakini ndani ya pipa hilo karatasi imeweka "visu". Msomaji ataogopa bure! Hakuna visu. Kuna mabati mapana yaliyochomelewa ukutani kwa kuzunguka kama hesi za parafujo. Pipa likizungushwa upande mmoja mabati hayo huuvuta mzigo chini na kuuchanganya. Likizungushwa upande wa pili huupandisha na kuumwaga. Ukoko hupenda kujificha nyuma yake. "Mapezi" yangefaa zaidi, kwa kuwa pezi la samaki ni bapa, limeshikamana na mwili, na kazi yake ni kusukuma. Vilevile "patasi" iliyotajwa ni ya seremala. Kwa mawe na zege chombo ni "tindo". Kuwaletea kosa hilo watu wa Upare ni aibu ya pekee: Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza habari za Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya. Huko vyombo vya chuma vina majina yake tangu zamani.

Kuhusu vumbi, karatasi inaamuru mtu avae "kinyago". Tangu mwaka 2020 taifa zima limejua neno "barakoa", lililokuwa hapo awali vazi la uso la wanawake wa pwani na Omani, na hakuna sababu ya kurudi kwenye kinyago cha mchongaji. Hata hivyo hapa barakoa peke yake haitoshi. Zege linapopasuliwa kwa nyundo ya upepo hutoa vumbi la silika litokalo katika mchanga na kokoto. Chembe zake hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Kitambaa hakizizuii. Hatuna budi kuandika "barakoa yenye kichujio", maneno matatu badala ya moja, na anayelalamikia urefu afikirie dawa isiyokuwepo.

Nilidhani nimemaliza, lakini yule kijana akanionyesha jambo ambalo sikuliona hata kidogo. Kichwa cha karatasi ni "Kusafisha", na ndani yake kitenzi "safisha" kimetumika kwa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ile ya kila baada ya mzigo: hutiwa maji, pengine na kokoto kidogo, pipa likazungushwa, kisha vikamwagwa. Mtu haingii. Ya pili ni kuingia na tindo au nyundo ya upepo kuondoa kilichokomaa. Karatasi ikisema "safisha kila siku", anayesoma ana haki ya kudhani kwamba anatakiwa kuingia kila siku. Kiswahili kinayo maneno ya kutenga kazi hizi bila taabu: ya kwanza ni "kusuuza" na ya pili ni "kubandua". Na maji ya kusuuzia yameitwa "maji machafu" tu, kana kwamba ni ya tope. Maji hayo yana ukali wa chokaa, huunguza ngozi na hudhuru mimea. Huko milimani, ambako watu huyakusanya maji usiku katika ndiva na kuyafungulia mchana yaende mashambani kwa mifereji, anayeambiwa amwage maji machafu atayamwaga penye mteremko, na mteremko wa Upare una shamba la mtu chini yake. "Maji makali ya saruji" yangemfanya afikiri kwanza.

Limebaki jina la kitu chenyewe. Karatasi inasema "mlundikano wa zege gumu lililoshikamana". Hayo ni maelezo, wala si jina. Hakuna mtu atakayeyasema akiwa juu ya ngazi. Nilimwuliza mzee wao wanakiitaje. Akacheka, akasema: "Si ukoko tu?" Ukoko ni ule wali ulioshika chini ya sufuria, mgumu, wenye kuchukua umbo la chombo, usiotoka mpaka ukwanguliwe, na unaozidi kila anayepika anapoacha kuosha. Sijui istilahi nyingine iliyowahi kuja kwangu ikiwa kamili kiasi hicho. Upungufu wake ni mmoja: ukoko wa wali hulainika ukilowekwa, na huu haulainiki. Kwa sababu hiyo nashauri uandikwe "ukoko wa zege" kila mahali, pasiwe na mkato, na mara ya kwanza katika kila karatasi pawepo sentensi moja inayosema kwamba haulowekwi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Ofisi nyingi sasa zinafasiri maelekezo ya kazi kwa haraka, na karatasi nyingi hazipiti kwa mtu yeyote wa lugha. Nyingine, kama hii, hupita kwa mtu wa lugha aliyesahihisha vituo. Nimekwisha kumpelekea yule rafiki yangu nakala mpya. "Funga" imetoka, "komea" imeingia, na mchoro mdogo wa kufuli umewekwa kando yake kwa ushauri wa yule kijana. Kuhusu "mapezi" sina hakika kama yatakubaliwa. Mzee alilipokea neno hilo kwa adabu tu. Wasomaji wetu wa Same na Mwanga, hasa walimu, ambao wanalijua neno la Chasu kwa bati lililosimama ukutani mwa chombo na kusukuma kilichomo, wanaombwa watuandikie kabla ya toleo lijalo.