Viunga Vinajitegemea au Vinakwepa?

Katika kitabu chake Edge City (1991), Joel Garreau wa Marekani anadai kwamba viunga vimekwisha kuwa miji kamili, vyenye ajira nyingi kuliko vyumba vya kulala. Hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho, jiji halihitajiki tena.

Sisi hatukubaliani nayo. Tutazame Detroit. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 1,850,000. Mwaka 2010 walibaki 713,777. Wengi wenye uwezo, hasa Wazungu, walihamia viungani pamoja na kodi zao. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule za viunga zisilazimishwe kuchanganya wanafunzi na za jiji, isipothibitika kuwa zilishiriki katika ubaguzi. Mzigo ukawaelemea maskini waliobaki. Mwaka 2013 jiji likatangaza kufilisika.

Lakini Southfield na Troy ziliendelea kunywa maji ya mitambo iliyojengwa na Detroit. Tangu 2016 mamlaka ya pamoja inaikodi kwa dola milioni 50 kwa mwaka.

Je, huko ndiko kujitegemea? Garreau amehesabu ofisi, hakuhesabu mabomba. Kuchota faida ya pamoja na kumwachia jirani gharama si uhuru, ni unyonyaji.