Jiwe la Lango la Mombasa, na Jina Lisiloandikwa Juu Yake

Juu ya lango la Ngome ya Yesu huko Mombasa liko jiwe lenye maandishi ya Kireno, lililochongwa mwaka 1639. Walimu wengi wamepata kuliona kwa macho, na wengine wameisoma tafsiri yake. Aghalabu hutumiwa darasani kama ushahidi ulio wazi: Wareno walitawala pwani, watu wakaasi, wakaadhibiwa, amani ikarudi. Sisi tulio huku nyuma ya Mrima, katika nchi ya Wazaramo upande wa Dutumi, tumezoea kuyahesabu mambo hayo kuwa ni ya Wamvita peke yao. Twataka hapa kulipima jiwe hilo kama tupimavyo kitabu: ni nani asemaye, asema na nani, na ni nini alichokiacha.

Asemaye ni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa kapteni wa ngome tangu mwaka 1635, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Ajisifu kwamba ameijenga upya ngome na kuongeza chumba cha walinzi. Kwamba amewarudisha chini ya mfalme wake watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao mjeuri. Kwamba amewatoza wafalme wa Otondo, Mandra, Luziwa na Jaca. Kwamba ameziadhibu Pate na Siyu hata kuzibomoa kuta za miji yao. Kwamba amewaadhibu Wamusungulo, yaani watu wa bara ya Mombasa. Na kwamba huko Pemba amewaua watawala walioasi na wakuu wote wa nchi. Kisha, pasipo hata kuvuta pumzi, ahesabu thawabu alizopewa: cheo katika nyumba ya mfalme, nishani ya Kristo, milreis 50 kwa mwaka, na ukuu wa Jaffna kwa miaka 6.

Kwa upande wa uandishi, jiwe hili si kazi mbaya. Ni fupi, lina nguvu, na kila tendo ni la mtu mmoja. Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba matendo yamezidi. Mtu aliyelazimika katika miaka minne kupigana Pate, Siyu, Pemba na bara ya Mombasa hakuwa akitawala nchi iliyotulia. Alikusudia kuandika hati ya ushindi, akatuachia orodha ya waliokataa, tena orodha kamili kuliko ambayo adui yake angeweza kuiandika.

Katika orodha hiyo jina moja limekosekana. Miji imetajwa, wafalme wadogo wametajwa kwa nchi zao, lakini yule mfalme mjeuri aliyekuwa sababu ya yote hakupewa jina. Naye alikuwa na majina mawili. Kwao aliitwa Yusufu bin Hasan. Kwa ubatizo aliitwa Dom Jerónimo Chingulia. Baba yake, Hasan, wa ukoo wa Malindi, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614 kwa hila ya Wareno waliowahonga wenyeji wake kwa nguo; kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto alipelekwa Goa vilevile, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa, akafundishwa, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Katikati ya Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu. Wakristo waliouawa siku zile, Wareno na Waafrika, waume kwa wake, hutajwa kuwa wapata 300. Manowari za Goa zikaja mwanzo wa mwaka 1632, zikashindwa kuitwaa ngome. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Yusufu mwenyewe aliiacha, akatweka kwa jahazi aliloliteka, na Wareno hawakumkamata hata mauti yake.

Habari hizi hatukuzipata katika jiwe. Nyingi zatoka katika ushahidi wa viapo uliochukuliwa Goa mara baada ya mambo hayo, ambao G. S. P. Freeman-Grenville aliutoa kwa Kiingereza mwaka 1980. Kitabu hicho twakisifu. Humo wanasikika watu ambao jiwe halikuwajua, nao wasema waliyoyaona na waliyoyasikia. Hata hivyo kina upande wake. Uchunguzi ule ulifanywa ili kujua kama waliokufa ni mashahidi wa dini, nao shahidi wa dini ni yule aliyeuawa kwa ajili ya imani. Basi maswali yaliulizwa juu ya imani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza sana juu ya kichwa cha Hasan, wala juu ya fedha za forodha, wala jinsi makapteni walivyomtendea mfalme waliyemweka wenyewe. Mwalimu asomaye viapo peke yake atafundisha chuki ya dini bila chanzo. Na asomaye kisa cha Hasan peke yake atafundisha kisasi, akiwasahau wanawake na watoto waliochaguzwa kati ya kuiacha dini yao na kufa. Twaona kila mmoja amefundisha nusu, na nusu hizo mbili zimekuwa zikigombana madarasani, moja katika shule za misheni na nyingine barazani, bila kukutanishwa.

Lililo zito zaidi kwa gazeti letu ni maneno. Wafasiri wa jiwe wametumia “adhabu,” “uasi” na “kodi” kana kwamba hakuna shaka. Lakini katika Kiswahili adhabu hutolewa na mwenye haki ya kuhukumu; asiye na haki hiyo hushambulia tu. Muasi ni mtu aliyekuwa na utii kwanza, naye Yusufu alikuwa nao kweli, kwa kuwa aliapa. Lakini watu wa Siyu waliapa kwa nani? Na “kodi” ndilo baya kupita yote, maana kwetu kodi hulipwa na mpangaji kwa mwenye nyumba. Atakayesema kwamba wafalme wa pwani walilipa kodi amekwisha kumpa Mreno nyumba. Sisi tungeandika “mali waliyotozwa,” na “alipiga Pate” mahali pa “aliiadhibu.” Atakayetuambia kwamba huku ni kupotosha maneno ya Mreno tutamjibu kwamba maneno yake yawekwe katika kinywa chake: “asema ameadhibu.” Maneno mawili hayo yatosha.

Tuliahidi kulileta jiwe karibu na Dutumi. Katika nchi nne zilizotozwa, tatu zatambulikana upande wa Lamu: Manda, Uziwa na Shaka. Ile ya kwanza, Otondo, huelezwa kuwa ni Utondwe, karibu na Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Basi mkono wa kapteni ulifika Mrima huu huu, katika pwani ambayo watu wa Dutumi wameishukia tangu zamani kwa chumvi na samaki. Na alama nyingine za zama hizo ziko nyumbani mwetu bila jiwe. Muhogo na mahindi yaliyomo mashambani ni mimea ya Amerika, iliyoletwa ng’ambo hii katika siku za Wareno. “Meza,” “leso,” “bendera” na “mvinyo” ni maneno yao, hata “padri.” Na “gereza” huelezwa kuwa latoka katika neno lao la kanisa. Wasomaji wetu makasisi watalifikiri hilo wenyewe: kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na mwenyeji aliyelitazama kutoka nje aliona boma, akaliita boma zima kwa jina la kanisa, hata likawa jina la mahali pa kufungia watu.

Ulimwengu wa wakati ule nao usitengwe na somo. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ilitoka mwaka 1611. Vita vya miaka 30 vilianza Ulaya mwaka 1618. Mwaka 1622 Waajemi, wakisaidiwa na Waingereza, waliwanyang’anya Wareno Hormuz. Waholanzi walikwisha kuizingira ngome ya Msumbiji mara mbili, mwaka 1607 na 1608. Na yule mfalme wa kwenye jiwe hakuwa Mreno hasa, bali Filipo wa Hispania, aliyezitawala nchi zote mbili; mwezi wa Desemba 1640, si muda mrefu baada ya jiwe kuchongwa, Wareno wenyewe walimkataa, wakajiwekea mfalme wao. Mwanafunzi na aambiwe hayo kabla ya kuulizwa maana ya neno “uasi.”

Kwa mwalimu atakayelishika somo hili twashauri aanze na ramani, aweke alama Saadani, Pemba, Mombasa, Siyu na Pate, kisha asome jiwe pole pole, na kila mahali palipotajwa awaulize wanafunzi ni nani aliyekuwa akikaa pale. Kisa cha Hasan na mwanawe kisomwe baadaye, na viapo vya Goa mwisho, kwa siku yake mbali, kwa kuwa havifai kusomwa kwa haraka.