Mtoto wa Likasi na Padre wa Kitabuni

Valentin-Yves Mudimbe alifariki huko Marekani mwezi wa Aprili 2025. Wengine bado huuliza kama yafaa Mkristo asome kitabu chake *Entre les eaux*, kilichotoka mwaka wa 1973, maana chasimulia habari za padre aliyeacha parokia akaenda kwa waasi. Sisi twasema yafaa. Lakini kwanza tuutazame mji alikozaliwa.

Mudimbe alizaliwa Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville, tarehe 8 Desemba 1941. Siku zile wafanyakazi weusi wa Union Minière walikuwa wamegoma kwa ajili ya mshahara. Kesho yake, huko Elisabethville, askari waliwapiga risasi wagomaji katika uwanja wa mpira. Mtoto mchanga hakuyajua hayo, ila mji uliomlea ulikuwa umegawanyika vivyo hivyo: Wazungu mahali pao, Weusi makambini na Kikula, na kiwanda cha Shituru kwa wote. Kampuni ilitoa nyumba na posho, wamisionari shule na sakramenti, serikali amri. Aliyewatazama kwa mbali angedhani watatu hao ni mmoja. Kwa mtoto mwerevu mlango mkubwa wa kupandia ulikuwa seminari. Mudimbe aliuingia, akafika hata kwa Wabenedikto wa Gihindamuyaga, Rwanda, kisha akatoka.

Sasa tuje kwenye hadithi. Pierre Landu ni padre mweusi aliyesoma Roma. Aona kwamba Kanisa limekaa upande wa wenye mali, naye amekaa humo pamoja nalo. Basi akimbilia kwa waasi ili awe upande wa maskini. Lakini kule nako hawamwamini. Amwandikia mkubwa wake barua; barua yakamatwa, naye ahukumiwa kuwa msaliti. Jeshi la serikali lamwokoa. Baada ya kuoa na kuhangaika, mwisho twamkuta monasterini, amepewa jina jingine.

Hadithi si ya Likasi, lakini sisi twaiona Likasi ndani yake. Landu ni mtoto wa mlango ule. Masomo yaliyomnyanyua ndiyo yaliyomtenga na wenzake. Anapotaja maskini, ataja neno alilojifunza vitabuni. Jinsi wanavyogawana unga jioni, hajui tena. Jambo hili halitoki katika vitabu vya Marx tu. Kila jamaa wa kambini aliyempeleka mtoto shuleni, akarudi likizo akiona haya kula na ndugu zake, alijua.

Kasoro ipo. Maskini wenyewe hawasemi sana. Mara kwa mara twamsikia Landu akijihoji, na waasi twawaona kwa macho yake tu. Tena kitabu kimeandikwa Kifaransa cha wasomi. Mama wa Kikula, ambaye kwa ajili ya watu kama yeye padre aliacha altare, hawezi kukisoma. Je, ni kosa la mwandishi, au ndiyo kweli yenyewe ya habari hii? Twadhani ni yote mawili. Mwandishi naye alikuwa ameshavuka mto, na kwa uaminifu hakujifanya yuko ng'ambo ile aliyoiacha.

Wengine husema kitabu chatukana Kanisa. Hatukubali. Mwaka wa 1975 kilipewa tuzo kubwa ya Kikatoliki ya fasihi, na wenye hukumu hawakukosea. Anayetukana hufurahi; Landu haoni furaha. Analia kama mtu aliyempenda mama yake akamkuta karamuni kwa tajiri, na Lazaro yuko mlangoni.

Jadotville imekuwa Likasi tangu mwaka wa 1966, na Union Minière haipo tena kwetu. Lakini Jumapili, mchimbaji wa mikono bado asimama nyuma ya kanisa, na mwenye gari aketi mbele. Nasi twalipa ada, twaomba mtoto wetu apande. Vema. Lakini tukimwombea apande, tumfundishe pia njia ya kurudi nyumbani, asije akawatafuta maskini msituni, hali amewaacha katika nyumba ya baba yake.