Nchi katika Maisha ya Tippu Tip

Msomaji aliyezoea vitabu vya safari vya Burton na Stanley huenda akaona upungufu katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1958–59. Njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora hupitwa kwa maneno machache. Milima na misitu haielezwi.

Lawama hiyo haina haki. Mwandishi alikuwa mfanyabiashara; kwake nchi ni siku za mwendo, chakula, hongo na jina la mtemi. Tena lugha ya wasafiri ilikuwa imekwisha kuichora nchi kwa majina: aliyesikia Mgunda Mkali, ile nyika kati ya Ugogo na Unyanyembe, hakuhitaji kuelezwa kiu.

Upungufu wa kweli ni mwingine. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walioijua njia hiyo kwa nyayo zao, humo ni hesabu zaidi kuliko watu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi yao ikafifia. Basi mhakiki asitafute mandhari. Na aulize mbona sauti ya mbeba mzigo haisikiki.