Mapenzi ya Nyumba na Haki ya Nyumba

Miongoni mwa vitabu vya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kiko kimoja ambacho wenye nyumba za mawe za Mikindani wangefaidika mno lau wangekisoma. Jina lake ni By the Sea, nacho kilitoka mwaka 2001. Wengi wamekisifu kuwa ni kitabu cha mkimbizi. Mimi nakiona khasa kuwa ni kitabu cha nyumba.

Mzee Saleh Omar, muuza samani, anaingia Uingereza kwa pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud, na kijisanduku cha udi ambacho afisa wa uwanja wa ndege anamnyang'anya. Latif, mwana wa huyo Rajab, amekwisha kuishi huko miaka mingi bila ya kuwaandikia wazee wake. Wote wawili wanaikumbuka nyumba ile ile. Mmoja anakumbuka hati: mfanyabiashara Hussein alikopa kwake, akaweka rehani hati ya nyumba ya Rajab, kisha akasafiri asirudi. Wa pili anakumbuka nyumba yao ikichukuliwa pamoja na vyombo vyake. Kulikuwa na meza ndogo ya mpingo, mti tuujuao vyema sisi watu wa Kusini. Latif alitumwa dukani kuiomba, akarudi mikono mitupu. Sheria ilikuwa upande wa Saleh, waama. Lakini hata meza? Baadaye Saleh alifungwa miaka mingi, mkewe na binti yake wakafa naye yu kifungoni.

Uzuri wa kitabu ni huu, kwamba mwandishi hakubali machozi ya kukumbuka kwao yamsafishe mtu. Huku kwetu hulia kwanza, tukasahau kuuliza. Ilipojengwa bandari ya Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951, biashara iliihama Mikindani na watu wakaifuata. Boma la Wajerumani la 1895 limetengenezwa likawa hoteli, lakini si kila nyumba ya matumbawe na chokaa iliyopata bahati hiyo. Aghalabu warithi walio mbali huzisifia baraza na milango ya nakshi. Waulize kama mirathi imegawanywa na shangazi amepata fungu lake, utaona mazungumzo yanageuka.

Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume wetu (S.A.W.), Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, aliulizwa kama atashukia nyumbani kwake. Naye akauliza kama Aqil bin Abi Talib amewabakishia nyumba yoyote. Mji wote ulikuwa mkononi mwake, na alipigiwa hema.

Kasoro ya kitabu ni Bi Asha, mke wa Rajab. Tunaambiwa habari zake na waziri, na kisasi chake kwa Saleh, yote kwa midomo ya wanaume walioaibika kwa ajili yake. Yeye mwenyewe alikuwa na dai gani juu ya nyumba aliyolelea wanawe? Huku kwetu, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama, swali hilo lingetangulia. Gurnah ameliacha, na msomaji anafunga kitabu akiwa amewasikia wanaume wawili tu.