Moto Usiounguza

Ardhi ya Kambove, huku Katanga nchini Kongo, ilichimbwa malakiti, mawe yenye shaba, muda mrefu kabla kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa mwaka 1906. Mafundi wa Katanga walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa, wakavuvia kwa mivuo, na mukuba, yaani shaba, ulioyeyuka ukamiminwa kuwa misalaba ya shaba iliyosafiri mbali ikiwa mali na mahari. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika habari zao mwaka 1926, aliwaita walaji wa shaba. Sifa yao kuu ilikuwa kujua moto ukome wapi. Sifa hiyo naiona leo katika kazi ambayo kwa macho haifanani na ile hata kidogo: kuvika vipandikizi vya mwilini ngozi ya polima inayopenda maji, kwa plazma baridi.

Nyonga bandia inatosha kuwa ushahidi. Kichwa chake mara nyingi ni kobalti iliyochanganywa na kromi, na kobalti nyingi duniani hutoka Kongo, hasa ukanda huu wa Katanga. Tangu kazi ya daktari wa upasuaji John Charnley kule Uingereza mwaka 1962, kichwa cha nyonga bandia mara nyingi huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki ya poliethilini. Plastiki hiyo hukataa maji. Ikisuguliwa miaka mingi hutoa chembe ndogo mno, mwili huzipiga vita, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa hadi kiungo kikalegea. Sasa tazama tone la maji. Juu ya plastiki tupu hujikunja kama ushanga juu ya jani la mjimbi. Katika plazma baridi, yaani gesi iliyotiwa umeme, elektroni zina joto la maelfu ya nyuzi, ilhali gesi inayozibeba hukaribia joto la chumba. Plastiki haiyeyuki wala haipindi. Vifungo vya usoni pake tu ndivyo vinavyokatika, na penye mkato hupandikizwa molekuli zinazopenda maji. Ukirudisha tone lile, hutandaa kama mkeka. Utando mwembamba kuliko unywele maelfu ya mara umebadilisha tabia ya kitu kizima.

Wapo watakaosema huu si ufundi, ni kazi ya mashine na swichi. Lakini plazma ikizidi muda, uso huungua na kuacha mabaki yanayooshwa na maji. Ikipungua, hakuna kinachoshika. Zaidi ya hayo, uso uliopigwa plazma na kuachwa hivihivi husahau: minyororo ya polima hugeuka taratibu, ikazika ndani kile kilichokuwa nje, na tone likarudi kujikunja. Kwa hiyo kupiga plazma pekee hakutoshi. Sharti ngozi ya kudumu ipandikizwe kabla uso haujasahau. Swichi haijui hayo. Wengine watasema tanuri za kichuguu zilitoa shaba kidogo, na viwanda vikatoa tani kwa maelfu. Ni kweli, na hakuna anayedai turudi kwenye mivuo. Ila wingi ni kipimo cha mzigo, nao ufundi hupimwa kwa namna kitu kilivyokamilishwa.

Hapo ndipo penye huzuni. Misalaba ya shaba imebaki katika makabati ya makumbusho, na mkono uliojua kuimimina haukupewa mrithi. Likasi, mji jirani na Kambove, uliwahi kutoa kobalti ikiwa metali kamili huko Shituru; leo kobalti nyingi ya Kongo huondoka ikiwa hidroksidi, unga unaosubiri kusafishwa ng'ambo. Tumezoea kuhesabu malori na kusahau kukamilisha. Wakati huohuo, katika maabara za mbali, kuna watu wanaosubiri kwa subira tone moja litandae, kwa sababu wanajua mwili wa mgonjwa utaugusa uso wa kipandikizi kabla ya kingine chochote. Mhunzi wa kichuguu angeielewa subira hiyo. Uchungu ni kwamba, huku madini yalikozaliwa, waliobaki wa kuielewa ni wachache.